Utepe Ule Ulikuwa na Swali

Ukiingia mwezi wa Oktoba mji mzima unageuka pinki. Fulana pinki, kofia pinki, matembezi ya asubuhi na muziki juu ya lori. Kila mtu kabandika utepe kifuani. Ukimwuliza maana yake atakwambia saratani ya matiti. Ukimwuliza umetoka wapi, hapo anabaki anakuangalia. Basi leo tuusimulie utepe huo, maana ndani yake mna ugomvi ambao riwaya nyingi hazina.

Lakini huwezi kuuelewa utepe bila kuanzia kwenye kisu.

Mwaka 1894 daktari wa upasuaji wa Kimarekani, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alitangaza matokeo ya wagonjwa 50. Alikuwa akiondoa ziwa zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Aliamini saratani husambaa polepole kutoka ilipoanzia, kama mafuta yanavyotambaa kwenye kitambaa, kwa hiyo ukikata eneo kubwa unaiwahi. Kwa wakati wake haikuwa hoja ya kijinga. Wanawake wengi walifika hospitali wakiwa na uvimbe uliokwisha kuwa kidonda, na kwa njia yake ugonjwa ulipungua kurudi palepale. Ubaya ni kwamba hoja iligeuka sheria. Kwa muda wa miaka karibu 80 operesheni hiyo ilitawala Marekani, hata kwa mama mwenye kiuvimbe kidogo kama punje ya hindi. Waliopona walibaki na kifua kilichobonyea, wengine na mkono uliovimba maisha yao yote.

Tena kulikuwa na desturi moja ya kutisha. Mwanamke analazwa mezani, anapewa dawa ya usingizi, kipande cha uvimbe kinakatwa na kupimwa harakaharaka. Kikionekana kina kansa, ziwa linaondolewa palepale. Yaani mtu analala hajui ataamka vipi, na karatasi ya ruhusa alishatia saini.

Mwaka 1974 mwandishi wa habari mmoja, Rose Kushner, aligundua uvimbe kwenye ziwa lake. Akasema: nipimeni kwanza, niamke, mniambie, halafu niamue mwenyewe. Madaktari wakamkatalia mmoja baada ya mwingine, mpaka akampata aliyekubali. Akajifungia na vitabu vya kitabibu, na mwaka 1975 akatoa kitabu chake mwenyewe. Wakati huohuo daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh alikuwa na utafiti alioanza mwaka 1971. Wanawake zaidi ya 1,600 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi ya matibabu. Kumbe waliokatwa mpaka misuli hawakuishi muda mrefu kuliko waliokatwa kidogo! Mwaka 1979 jopo lililoitishwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani likashauri operesheni ya Halsted isiwe tena tiba ya kawaida, na kupima kutenganishwe na kukata. Kushner alikuwa mjumbe wa jopo hilo, ingawa hakuwa daktari. Mwaka 1985 Fisher akaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo, kutoa uvimbe tu na kupiga mionzi kunatosha.

Sasa kuna jina ambalo sisi tunaotaka kuandika tusilisahau, Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi. Alikatwa ziwa mwaka 1978, na mwaka 1980 akatoa kitabu kuhusu ugonjwa wake. Anaeleza jinsi mama mmoja wa kujitolea alivyomletea wodini ziwa la bandia la sufi ya kondoo. Rangi yake pinki, na mgonjwa ni mweusi! Alipokwenda kliniki bila kulivaa, nesi akamwambia anawavunja wenzake moyo. Lorde akakataa. Hoja yake ni kwamba wanawake wakifichwa hivyo hawatatambuana, na wasipotambuana nani atauliza kwa nini wanaugua wengi hivi?

Mwaka 1985 Oktoba ikafanywa mwezi wa saratani ya matiti. Walioanzisha ni Chama cha Saratani cha Marekani pamoja na kampuni ya madawa ya ICI ya Uingereza. ICI ndiyo iliyokuwa ikitengeneza tamoksifeni, dawa ya ugonjwa huohuo. Tusiseme uongo, dawa hiyo imeokoa watu wengi. Wito wa mwezi ulikuwa kupigwa picha ya matiti mapema, nao ni wito mzuri. Lakini kampuni inayouza tiba itakuwa na haraka gani ya kuuliza ugonjwa unaletwa na nini?

Swali hilo likaulizwa na bibi mmoja wa California, Charlotte Haley, mwenye miaka 68. Bibi yake, dada yake na binti yake wote walishaugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa anakata tepe nyumbani kwa mkono wake, rangi ya pichi, anazibandika kwenye kadi tano-tano. Kadi ilieleza kwamba taasisi ya saratani ya taifa ina bajeti ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na asilimia 5 tu inakwenda kwenye kinga. Iliwataka watu wavae utepe ili kuwaamsha wabunge.

Gazeti la Self, likishirikiana na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, likautaka utepe ule. Bibi akakataa, eti mambo yao ni ya biashara mno. Wanasheria wakawashauri wabadilishe rangi, basi imekwisha! Mwaka 1992 tepe pinki milioni 1.5 ziligawiwa kwenye kaunta za vipodozi. Ile habari ya bajeti haikuwemo. Mwaka huohuo, Novemba, Audre Lorde akafariki. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini.

Baada ya hapo pinki ikashika kila kitu. Mwaka 2002 chama cha wanawake cha San Francisco, Breast Cancer Action, kilianza kampeni ya kuwataka wanunuzi wafikiri kwanza: pesa kiasi gani inakwenda wapi? Mwaka 2010 hata ndoo za kuku wa kukaanga wa KFC zilipakwa pinki.

Mbona nakusumbua na habari za Marekani? Kwa sababu utepe umefika Dar es Salaam na Nairobi bila ile kadi yake. Hapa kwetu wagonjwa wengi wanafika Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na fulana tunazo. Kumwambia mama ajichunguze ni vizuri, ila akishaugundua uvimbe, aende wapi? Kipande chake kitapimwa wapi, na nauli ya kurudi kwa mionzi atalipiwa na nani?

Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na lengo mojawapo ni mgonjwa apate jibu la vipimo ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya mara ya kwanza. Siku 60 si lugha ya kitaalamu, hata muuza karanga anaweza kuzihesabu. Basi Oktoba ijayo, wakikupa utepe, upokee, uvae. Halafu mwulize aliyekupa: katika wilaya yetu hii, ni siku ngapi?