Sauti tatu, gita mbili: namna ya kusikiliza vikundi vya Marekani vya miaka ya 1960

Mtu aliyeisha kuimba mu korale ya kanisa anajua kazi iko wapi. Sauti ya kwanza kila mtu anaishika. Shida ni kushika ya pili wakati mwenzako anaimba ya kwanza karibu na sikio lako, na wewe usimfuate. Kazi hiyo njo ilijulisha dunia nzima vikundi vya Marekani vilivyorudilia nyimbo za zamani za wananchi: watu watatu ao wane, gita mbili, banjo, na sauti zinazopatana.

Ilianza mbele ya miaka ya sitini. The Weavers waliungana New York mwaka wa 1948: Pete Seeger, Lee Hays, Fred Hellerman na mwanamke mmoja, Ronnie Gilbert, mwenye sauti ya kupasua ukuta. Mwaka wa 1950 waliimba « Goodnight, Irene », wimbo waliochukua kwa Lead Belly, mwanamuziki mweusi aliyekuwa amefariki Disemba iliyotangulia. Ulikaa nafasi ya kwanza juma 13. Kisha mambo yakaharibika. Ile wakati Marekani ilikuwa inawinda wakomunisti, na majina yao yakatajwa. Redio na televisheni zikawafungia mlango, na mu 1952 wakaachana. Walirudi Disemba 1955, Carnegie Hall ikajaa. Seeger yeye aliendelea kusumbuliwa na tribinali mpaka 1962, wakati hukumu yake ilifutwa.

Mu 1958 vijana watatu wa California, Kingston Trio, wakatoa « Tom Dooley ». Ni habari ya mtu aliyenyongwa kweli, North Carolina, mwaka wa 1868, juu ya kuuawa kwa mwanamke jina lake Laura Foster. Wimbo wa msiba, lakini diski ziliuzwa kwa mamilioni. Hawa hawakugusa siasa, na pengine njo maana redio haikuwaogopa.

Lakini mwenye kutaka kuanza kusikiliza, aanze na Peter, Paul and Mary. Albert Grossman, msimamizi wa wanamuziki, aliwakutanisha New York mu 1961: Peter Yarrow, Mary Travers na Noel Stookey, ambaye walimuita Paul, jina lake la pili, juu lilipendeza zaidi pembeni ya Peter. Diski yao ya kwanza ilitoka 1962. Usisikilize maneno kwanza. Chagua sauti moja, ya Mary kwa mfano, uifuate mpaka mwisho. Kisha rudilia wimbo, fuata mwanaume mmoja. Utaona kwamba wimbo wenyewe haukai kwa mtu mmoja. Unahama: huyu anauanza, yule anaupokea, wa tatu anapita juu ao chini yake. Na pale wote watatu wanaposhika neno moja pamoja, hapo njo mwili unasisimuka. Kwenye simu ndogo yenye kipaza kimoja nusu ya utamu inapotea. Afazali kuazima vya kuweka ku masikio.

Tarehe 28 Agosti 1963 waliimba Washington mbele ya watu karibu 250.000, siku ile ile Martin Luther King alitoa hotuba yake kubwa. Mojawapo ya nyimbo zile, « If I Had a Hammer », Seeger na Hays walikuwa wameitunga tangu 1949. Wakati The Weavers waliiimba, iliwaletea mashaka. Miaka kumi na ine kisha, umati mzima unaiimba.

Australia nayo ilikuwa na The Seekers, na Judith Durham, sauti safi kama maji ya mlimani. Simon na Garfunkel ni kisa kingine: sauti mbili tu, lakini zinakaribiana mpaka unashindwa kujua nani ni nani.

Kuna jambo moja linalohusu Afrika, na halipendezi. Mwaka wa 1939, Johannesburg, Mzulu mmoja, Solomon Linda, na kikundi chake Evening Birds, walirekodi « Mbube », maana yake simba. Sauti nzito chini, ya Linda juu, inapanda peke yake. Aliuza haki za wimbo kwa shilingi 10. Diski ilifika mikononi mwa Seeger, naye akasikia vibaya neno la Kizulu, akaandika « Wimoweh ». The Weavers waliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mu 1961 kikundi The Tokens kikaugeuza kuwa « The Lion Sleeps Tonight », na baadaye ukaingia katika filme ya simba ya Disney. Linda alifariki 1962, maskini. Binti zake walisubiri mpaka 2006 ndipo mapatano yakafanyika na wakaanza kupata sehemu yao. Ule utamu wa sauti zinazojibizana, watu wengi wanazani ni wa wazungu. Kumbe sehemu yake ilitoka mu hosteli za wafanyakazi weusi wa Afrika ya Kusini.

Na Congo? Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Wimbo « Masanga » ulisafiri mbali. Mu 1969 akaalikwa Newport, tamasha kubwa kuliko yote ya muziki ule, pale pale Peter, Paul and Mary walipoimba miaka sita mbele. Yeye hakuwa na kikundi. Kidole gumba kilikuwa kinashika sauti ya chini, kidole cha pili sauti ya juu, gita moja ikafanya kazi ya watu wawili.