Ng'ombe wa Machakos na Mikoko ya Gazi

Ukisimama leo juu ya milima ya Iveti, ewe msomaji, utaona matuta na miti mashambani kote. Si rahisi kusadiki kuwa katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliitazama nchi hii hii wakaona inakufa. Mvua ilichukua udongo, na malisho yalikuwa yamekwisha.

Dawa waliyochagua ilikuwa amri. Mwaka 1938 walikamata ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu wakawauza kwa bei hafifu, wakidai mifugo imezidi ardhi. Hawakutaja sana kwamba mipaka ya mashamba ya walowezi ndiyo iliyowabana watu na mifugo yao. Muindi Mbingu aliongoza maelfu, wake kwa waume, kwenda Nairobi kumlalamikia gavana. Alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini serikali ililegea, ikaacha kukamata ng'ombe.

Je, matuta hayo yalitoka wapi? Mengi yaliyochimbwa kwa amri yaliachwa yakabomoka. Yaliyodumu ni yale ambayo watu waliyachimba wenyewe, kwa vikundi vya mwethya, katika mashamba yao, walipoona kahawa na matunda yanawalipa. Kati ya 1932 na 1989 watu wa Machakos waliongezeka kutoka 240,000 hivi hadi milioni 1.4, na miti ikaongezeka pamoja nao! Wataalamu wengi walitazamia kinyume chake.

Nakumbusha habari hizo kwa kuwa siku hizi misitu imeletewa dawa nyingine, nayo ni fedha. Mti huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi. Kwa kila tani iliyohifadhiwa hutolewa hati, na wenye viwanda au wasafiri wa nchi za mbali huinunua ili kufidia moshi wao. Mimi sipendi kuona tajiri akinunua ruhusa ya kuendelea kuchafua hewa, na msitu unaolindwa kwa fedha za mgeni waweza kuwafungia wenyeji mlango kama ilivyofanya amri ya 1938.

Lakini tazama Gazi, katika pwani ya Kwale. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko, na kuuza hati za tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Nao wanakijiji hukaa barazani kuamua kama za mwaka huu zitanunua mabomba au vitabu.