Utandawazi na kazi za wanawake na wanaume: Ngara na Biharamulo

Ngara na Biharamulo ni wilaya za kusini mwa Mkoa wa Kagera, Tanzania. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia ya malori yatokayo Dar es Salaam. Wenyeji, wengi wao Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza, ni wakulima wa migomba, maharage, mahindi na mihogo.

Utandawazi ukitajwa, mfano unaotolewa mara nyingi ni wa viwanda vya nguo. Bangladesh, kwa mfano, viwanda vinavyoshona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani viliajiri mamilioni ya wanawake waliotoka vijijini. Huku hakuna kiwanda cha namna hiyo. Dunia imeingia kwa mlango wa kahawa, wakimbizi, barabara na madini, na kila mlango ulipofunguka, kazi yenye malipo taslimu iliwahiwa na yule anayeweza kuondoka nyumbani alfajiri bila kuulizwa maji yatachotwa na nani.

Kahawa na safari za Buganda

Enzi ya ukoloni, vijana wa kiume kutoka Ngara, pamoja na wenzao wa Rwanda na Burundi, walikwenda Buganda, nchini Uganda, kufanya vibarua kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Walifuata fedha za kodi, nguo na mahari. Wake zao walibaki na jembe.

Kahawa ilipopandwa nyumbani, ikawa zao la baba. Mama na watoto walichuma na kuanika, lakini fedha zilipokewa na mwenye shamba. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Miaka michache baadaye ukiritimba wa vyama vya ushirika ulikoma na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini. Ndizi na maharage, mazao ya jikoni yaliyokuwa chini ya mikono ya wanawake, sasa yakaanza kutazamwa kama biashara. Zao la jikoni likishapata mnunuzi mwenye lori, baba naye hulikumbuka.

Suala la ardhi haliepukiki hapa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua, katika shauri lililotoka huko huko Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba alilorithi kama mwanamume auzavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka haki sawa. Kwenye baraza la ukoo mambo huenda polepole kuliko mahakamani.

Miaka ya kambi

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi yao kubwa iliitwa Benaco, jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyowahi kuweka kituo hapo ilipokuwa ikijenga barabara. Si muda mrefu wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa Ngara. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, ila wakimbizi wa Burundi waliendelea kuishi kwenye kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Mashirika ya misaada yalihitaji madereva, walinzi, makarani, wakalimani na wauguzi, na yalilipa vizuri kuliko serikali. Walimu na wauguzi wakaacha vituo vyao. Magari yalipita vijijini yakiwa na mahindi na mafuta ya kula ya msaada, ambayo mengine yaliishia sokoni, kwa sababu mkimbizi aliyechoka mahindi alitaka ndizi na mihogo. Mkulima mwenye shamba kubwa alinufaika mara mbili: aliuza ndizi kwa bei nzuri, na alipata vibarua wa kupalilia kwa ujira mdogo, kwani mtu mwenye posho ya chakula alikubali malipo ambayo mwenyeji asingeyakubali. Aliyeumia ni mwenyeji maskini aliyekuwa akiishi kwa kibarua hichohicho.

Athari kwa wanawake zilipimwa baadaye. Watafiti Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva walitumia takwimu za kaya za Kagera zilizokusanywa kati ya 1991 na 1994, kisha tena mwaka 2004. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba palipoathiriwa zaidi na ujio wa wakimbizi, wanawake walielekea zaidi kwenye kazi za nyumbani, na walikuwa na nafasi ndogo kuliko wanaume ya kufanya kazi za nje. Haishangazi. Misitu ya karibu na kambi ilikatwa, na kuni zikawa mbali. Saa ambazo mume alizipeleka langoni mwa shirika kuulizia kazi, mke alizimalizia njiani na mzigo kichwani. Hata hivyo, utafiti huohuo ulibaini tofauti kubwa: mwanamke aliyejua kusoma na kufanya hesabu rahisi alipata nafasi zaidi ya kazi za nje, ilhali asiyejua alizidi kuzama shambani na jikoni.

Barabara na mpaka

Rusumo ni lango la mizigo ya Rwanda, na Kabanga, inayotazamana na Kobero, ni la mizigo ya Burundi. Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ndipo barabara ya Kigoma inapokutana na ile ya Rusumo. Kwenye usukani yupo mwanamume, na utingo ni kijana wa kiume. Bodaboda vilevile. Wanawake wanaishi kwa kuhudumia msafara huo: mama lishe mwenye sufuria mbili na benchi, muuza matunda anayekimbilia dirisha la basi, mhudumu wa nyumba ya wageni.

Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Kwa mfanyabiashara mdogo faida iko kwenye cheti rahisi cha uasilia, kinachomwezesha kuvusha bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 bila ushuru wa forodha. Mwanamke mwenye magunia machache ya maharage anakihitaji kuliko yeyote, mradi aweze kukisoma na asidanganywe na dalali kwamba ushuru uko palepale. Kwa upande mwingine, mpaka ukienda haraka, dereva hana sababu ya kulala wala kula hapo. Kinachompunguzia gharama tajiri wa lori kinaweza kumpunguzia mama lishe sahani.

Dhahabu na nikeli

Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya Barrick. Mwaka 2013 ulikabidhiwa kwa shirika la serikali, STAMICO, na kuwa STAMIGOLD. Pembeni ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hushuka wanaume, na sehemu nyingi imani kwamba mwanamke hukimbiza dhahabu humzuia hata kusogea. Yeye huponda mawe, huosha mchanga, huuza chakula, na mara nyingi hulipwa mwisho.

Nikeli ya Kabanga, Ngara, imejulikana tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Nikeli hutumika kwenye chuma kisichoshika kutu na kwenye betri za magari ya umeme, hivyo ajira za Ngara zinategemea bei inayopangwa mbali sana. Mwaka 2023 na 2024 bei hiyo ilishushwa na wingi wa nikeli ya Indonesia. Kiwanda cha kusafishia nikeli hiyo kilipangwa kujengwa Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Kazi zake za maabara na ofisini, ambazo hazihitaji kushuka chini ya ardhi, zitakuwa mbali na binti wa Ngara asiyeweza kuhama.