Kuchemsha: Neno Moja, Hitilafu Tatu

Katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, habari ya lori lililokwama njiani mara nyingi hutolewa kwa neno moja: limechemsha. Dereva humwambia tajiri kwenye simu, tajiri humwambia fundi, na fundi hushika spana. Neno hilo ni la Kiswahili safi, linaeleweka kuanzia kwa utingo hadi kwa mwenye mali, na sioni sababu ya kulibadilisha. Ila tumelizoea kupita kiasi. Tunalitumia kama jibu, wakati kwa kweli ni mwanzo wa swali, na kwa lori kuukuu la dizeli kosa hilo huishia kwenye silinda hedi iliyopinda.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Maji huchemka, moto huyachemsha. Tunaposema lori limechemsha, tunasema injini ndiyo iliyotenda, na maji yaliyotendwa hatuyataji kwa kuwa kila mtu anayajua. Wengine husema limeovahiti, neno lililotoka kwenye Kiingereza. Gerejini maneno haya hutumika kana kwamba ni mamoja, lakini sivyo. Ovahiti ni habari ya chuma: joto la injini limepita kipimo. Kuchemsha ni habari ya maji: yamegeuka mvuke. Chuma kinaweza kuzidi joto bila maji kuchemka, na maji yanaweza kuchemka injini ikiwa katika joto lake la kawaida. Kuna na jambo la tatu, ambalo si joto wala mchemko: gesi ya mwako inapopenya kwenye njia za maji na kuyafukuza. Lenyewe nalo huitwa kuchemsha.

Napendekeza tuyatenge kwa maneno ambayo tayari tunayo: maji kuchemka, joto kuzidi, na injini kusukuma maji. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

Maji kuchemka

Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi joto 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takribani nyuzi 94. Sasa injini nyingi za dizeli za malori hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Kama kusingekuwa na kitu cha kuyabana maji hayo, lori zima lisilo na ubovu wowote lingechemsha Mbeya kila siku.

Kitu hicho ni mfuniko wa rejeta. Namba 0.9 iliyogongwa juu yake maana yake ni kwamba springi ya ndani haifunguki mpaka presha ifike karibu baa 0.9 juu ya ile ya hewa ya nje. Kwa presha hiyo, maji ya pwani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Kwa hiyo mpira wa mfuniko ukikakamaa, au springi ikichoka, au mdomo wa rejeta ukiwa umepinda, dereva amepoteza karibu nyuzi 20 za usalama ilhali injini yake haina kosa. Atakwangua rejeta, atabadili pampu ya maji, na lori litachemsha palepale.

Mfuniko una vali ya pili, ndogo, katikati. Lori likipoa, vali hiyo huruhusu maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba kurudi. Ikiganda, utaukuta mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi, na chupa imejaa wakati rejeta imepungua. Dalili hizi mbili zinatosha kukupeleka dukani kununua mfuniko wenye namba ileile iliyotakiwa na kiwanda. Kipande cha nailoni kinachobanwa chini ya mfuniko wa zamani hakishiki presha inayojulikana, na hakifai.

Joto kuzidi

Hapa swali la kwanza ni: limezidi joto likiwa wapi? Kwenye foleni, au kwenye kilima, au kwenye tambarare likiwa na mwendo?

Katika injini ya dizeli, kiasi cha theluthi ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi. Iliyobaki ni joto. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu nyingine kubwa lazima ibebwe na maji na kukabidhiwa kwa hewa kwenye rejeta. Safari hiyo ina miguu miwili, wa maji na wa hewa, na mahali joto lilipozidi huonyesha mguu upi umevunjika.

Lori linalozidi joto kwenye foleni au likipanda kilima cha Kitonga kwa gia ndogo, kisha likapoa likifika tambarare, mara nyingi lina shida ya hewa. Kwenye kilima, injini inatoa nguvu zake zote lakini mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo wote lazima uvutwe na feni. Tazama mkanda kama umelegea au unang'aa kwa kuteleza. Tazama kava la feni kama lipo; likivunjika, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta. Kama feni ni ya klachi ya mafuta, zima injini ikiwa ya moto kisha uizungushe kwa mkono. Inapaswa kukataa. Ikizunguka kwa wepesi, au ukiona vumbi limegandamana na mafuta kwenye kitovu chake, imekufa. Halafu tazama mapezi ya rejeta, hasa pale inapokabiliana na intakula, kwa kuwa mbegu za nyasi na wadudu hujazana katikati ya hizo mbili mahali jicho halifiki. Uoshe kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, si kwa presha kali inayolaza mapezi.

Lori linalozidi joto likiwa na mwendo kwenye tambarare lina hewa ya kutosha. Shida iko kwenye maji. Piga resi injini ikiwa ya moto huku ukiutazama mpira wa chini. Huo ndio unaovutwa na pampu. Ukinywea, ama springi yake ya ndani imeoza, ama rejeta imeziba na pampu inanyonya mahali pasipopitika. Ukiwa na kipimajoto cha kumulika, pitisha kwenye uso wa rejeta: sehemu iliyo baridi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba. Chanzo kikuu cha kuziba ni maji ya visima yenye chumvi, yanayoacha gamba kila yanapopata moto. Rejeta za shaba za malori ya zamani zina heri moja: fundi anaweza kuyeyusha lehemu, kufungua tenki la juu na kuzibua mrija mmoja mmoja. Baada ya hapo weka maji laini yaliyochanganywa na kulanti. Nchi zetu nyingi hazina barafu barabarani, lakini kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo tunayahitaji.

Kuna hatari moja ambayo neno kuchemsha huificha kabisa. Maji yakiisha, sensa ya joto hubaki hewani, na mshale kwenye dashibodi unaweza kushuka. Hakuna mvuke, mshale umelala, na dereva anaendelea na safari wakati chuma kinaungua. Mshale unaoshuka ghafla lori likiwa na mzigo kilimani si habari njema. Simama na uzime injini.

Injini kusukuma maji

Hitilafu ya tatu hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa, na uangalie. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imejificha, yatakwisha. Lakini mapovu yakiendelea, yakaongezeka ukipiga resi, na maji yakaanza kumwagika yakiwa bado ya baridi, hakuna kilichochemka hapo. Ni gesi. Mfuniko ukiwa umefungwa, mpira wa juu utakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha.

Mafundi wengi hapo husema gasketi imeungua, na mara nyingi husema kweli, hasa oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa. Lakini kwa lori lenye breki za upepo, ngoja kidogo. Kompresa ya upepo katika malori mengi hupozwa na maji yaleyale ya injini, na ina hedi na gasketi yake ndogo. Ikivuja, husukuma hewa kwenye rejeta kwa namna ileile. Acha injini iendelee kuunguruma mpaka matenki ya upepo yajae na kompresa iache kusukuma. Mapovu yakipungua hapo hapo, mkosaji ni kompresa, kazi ya saa chache. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kufungua silinda hedi ya injini ya silinda sita bila sababu ni hasara ya siku kadhaa na gasketi mpya, na ugonjwa unabaki palepale.

Kama hedi imefunguliwa kwa haki, usirudishe gasketi mpya juu ya uso uliopinda. Weka rula ya chuma, pima nafasi kwa filagegi, na kama imezidi kipimo cha kitabu cha injini hiyo, hedi ipelekwe kwenye mashine isawazishwe.

Themostati

Hakuna spea inayoonewa kama hii. Lori likichemsha, jambo la kwanza gereji nyingi hufanya ni kuing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba inazuia maji. Tafsiri yake ya kitaalamu, kidhibitijoto, inaeleza kazi yake vizuri zaidi: kazi yake ni kushikilia joto mahali pamoja, na kufunga njia ni nusu tu ya kazi hiyo.

Katika injini nyingi za malori ya Kijapani, themostati ina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, sahani ya juu hufunga njia ya rejeta, na maji huzunguka kwa njia ya mkato ndani ya injini. Ikipata moto, nta iliyomo ndani huyeyuka, hupanuka na kusukuma: sahani ya juu inafungua rejeta, ya chini inafunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto itarudi kwenye injini bila kuiona rejeta, na kilimani lori litachemsha upesi zaidi. Kwenye baridi, injini itachelewa kupata joto, itachoma dizeli vibaya na kuchakaza silinda.

Kuipima hakuhitaji zaidi ya sufuria, jiko na kipimajoto. Ining'inize kwa uzi isiguse chini, pasha maji taratibu ukiyakoroga. Zile zilizoandikwa 76.5 au 82 zinapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo, na kuwa wazi kabisa, milimita 8 hadi 10 hivi, kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka, au inayobaki wazi ikipoa, ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile.

Vyuo vya ufundi stadi vingeweza kuyafundisha maneno haya matatu katika somo la kwanza la mfumo wa kupoza injini, na kila gereji ingeweza kuyaandika kwenye karatasi ya kazi. Dereva aendelee kusema limechemsha. Hilo ni lugha yake na ni haki yake. Wajibu wa fundi ni kuuliza mara moja: lilikuwa foleni, kilimani au tambarare? Mshale ulipanda au ulishuka? Maji yalitoka ya moto au ya baridi? Majibu hayo humwonyesha pa kuanzia kabla hajafungua nati hata moja, na tajiri analipia ubovu uliopo kweli.