Tembe Iliyozama Ardhini na Ndege Inayoikwepa Rada

Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao za tembe ubavuni mwa kilima, wakaezeka kwa magogo na udongo hadi paa likalingana na ardhi. Majani yakiota juu, Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe waliona mteremko tu. Msomaji wa huko, basi, hahitaji kwenda mbali kuelewa ndege ya kivita inayoikwepa rada, kwa kuwa wazo ni lilelile: umbo hulinda kabla ya silaha. Rada hutuma mawimbi ya redio na kusubiri mwangwi. Mwaka 1962 Pyotr Ufimtsev, mwanafizikia wa Kisovieti, alichapisha hesabu za jinsi kingo za kitu zinavyotawanya mawimbi. Wahandisi wa Lockheed, Marekani, wakazitumia. Ndege yao ya F-117, iliyoruka mara ya kwanza 1981, ilijaa mabapa ya pembepembe yaliyotupa mwangwi pembeni. Kompyuta zilipopata nguvu zaidi, F-22 ya 1997 ikaja na mikunjo laini.

Atatokea wa kusema kwamba udongo hauna uhusiano na hesabu hizo, na kweli, tembe ilidanganya jicho, si rada. Lakini hata udhaifu wa nyumba na wa ndege unafanana. Moshi wa jiko au njia iliyokanyagwa na kwato ingeweza kuifichua nyumba. Ndege nayo haikufichika kabisa: tarehe 27 Machi 1999, F-117 moja ilitunguliwa kwa kombora nchini Serbia.