Subaru: Kampuni Iliyong'ang'ania Injini Iliyolala

Tarehe 15 Julai 1953, kampuni tano zilizokuwa zikijikongoja katika Japani ya baada ya vita zilichanga mtaji na kuunda kampuni ya sita, Fuji Heavy Industries. Hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa imewahi kuuza gari dogo la abiria. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, mrithi wao anajulikana kwa jina la gari lake: Subaru.

Ukiipima na majirani zake, Subaru ni kampuni ndogo. Huuza magari yanayokaribia milioni moja kwa mwaka, ilhali Toyota huuza takriban milioni kumi. Hata hivyo ni chapa chache ambazo wenye magari huzitetea kwa ukali kama hii, iwe katika majimbo ya theluji ya Marekani au mitaani Nairobi. Chanzo cha mapenzi hayo ni maamuzi mawili ya kihandisi, mmoja wa mwaka 1966 na mwingine wa 1972. Kampuni imekataa kuyaacha hata pale yalipoigharimu, na wateja nao hulipa sehemu yao ya gharama hiyo.

Mafundi wa ndege

Mizizi ya kampuni iko angani. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mhandisi wa jeshi la majini, aliacha utumishi wa jeshi akafungua karakana ya utafiti wa ndege mjini Ota, mkoani Gunma, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Karakana ile ilikua hadi ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita nchini Japani. Ndege mashuhuri ya Zero ilibuniwa na Mitsubishi, lakini Zero nyingi zaidi zilitoka katika viwanda vya Nakajima. Kwa sababu hiyohiyo viwanda hivyo vikawa shabaha. Februari 1945 ndege za Marekani za B-29 zilikishambulia kiwanda cha Ota.

Vita vilipokwisha, mamlaka za ukaliaji ziliipiga Japani marufuku ya kutengeneza ndege. Wahandisi waliokuwa wamezoea kuhesabu uzito wa kila ribiti wakajikuta hawana kazi. Mwaka 1946 walitoa skuta iliyoitwa Rabbit, na mfano wake wa kwanza ulifungwa magurudumu ya mkia ya ndege ya Ginga, ya kudondosha mabomu, yaliyokuwa yamebaki stoo. Skuta hiyo ilipendwa, lakini mwaka 1950 kampuni ikavunjwa vipandevipande kama sehemu ya mpango wa kuyabomoa makampuni makubwa yaliyokuwa yamelihudumia jeshi. Vitano kati ya vipande hivyo ndivyo vilivyorudiana mwaka 1953.

Rais wa kwanza wa kampuni, Kenji Kita, aliamini Japani lazima itengeneze magari. Aliomba mapendekezo ya jina la gari la kwanza, hakuna lililompendeza, akachagua mwenyewe Subaru, jina la Kijapani la kundi la nyota za Kilimia. Nembo ikafuata: nyota kubwa ni kampuni iliyoundwa, na zile tano ndogo ni kampuni zilizoungana. Gari lenyewe, Subaru 1500, lilitengenezwa kwa idadi ndogo mno, kisha mradi ukasimama kwa kukosa fedha za kulipeleka sokoni.

Mdudu wa kilo 385

Lililofika sokoni, mwaka 1958, ni dogo kuliko hilo. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka daraja la magari madogo yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 360, ambayo wamiliki wake walipunguziwa kodi na masharti. Shinroku Momose, aliyewahi kushughulikia injini za ndege enzi za Nakajima, alipewa jukumu la kubuni gari la daraja hilo litakalobeba watu wazima wanne. Jibu lake lilitoka moja kwa moja katika ufundi wa ndege: bodi isiyo na fremu, yenye bati jembamba lililokunjwa kwa mviringo ili lipate nguvu, na paa la plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 385, na injini ya nguvu za farasi 16 ilikaa nyuma.

Bei yake ilikuwa yeni 425,000. Haikuwa bei rahisi, lakini ilianza kuwa ndoto inayofikika kwa mfanyakazi wa mshahara. Wajapani walilibandika jina la mdudu yule mwekundu mwenye madoa meusi. Hadi uzalishaji ulipokoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametengenezwa takriban magari 392,000.

Nje ya Japani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1968 wafanyabiashara wawili, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm, walianzisha kampuni ya kuliingiza gari hilo Marekani. Mwaka uliofuata jarida la walaji la Consumer Reports lililikataa waziwazi kuwa halifai kwa usalama. Kwenye barabara kuu za Marekani, katikati ya magari ya tani mbili, lilikuwa kituko. Kampuni ilihitaji gari jingine, na gari hilo tayari lilikuwa limeshazaliwa.

Injini iliyolala

Subaru 1000 ilitoka mwaka 1966. Ndani yake kulikuwa na uamuzi wa kwanza. Katika magari mengi pistoni husimama na kwenda juu na chini. Wahandisi wa Ota walizilaza: mbili kushoto, mbili kulia, zikitazamana na kurushiana mapigo kama mabondia. Kwa kuwa moja inapoenda kulia mwenzake huenda kushoto, mtikisiko wa huyu hufutwa na wa yule. Injini huwa fupi na pana, hukaa chini kwenye chasisi, na uzito wa gari hushuka karibu na barabara. Kwenye kona kali dereva huusikia utulivu huo kwenye usukani hata kama hajui chanzo chake.

Gia hulala nyuma ya injini kwa mstari ulionyooka katikati ya gari. Mpangilio huo ulichaguliwa kwa ajili ya kuendesha magurudumu ya mbele, lakini uliacha mlango wazi: ukirefusha shafti hadi nyuma, unapata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne.

Waliousukuma mlango huo ni watu wa umeme. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nguzo za milimani wakati wa theluji. Magari ya aina ya jipu yalipanda vizuri lakini yaliwatesa abiria kwa baridi na mtikisiko. Wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi alichukua gari la mzigo la familia ya Subaru 1000, akalifunga difu ya nyuma ya Nissan, likapanda. Kiwanda kiliichukua kazi hiyo, na mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaingia sokoni kama gari la kawaida la kwenda kazini na sokoni. Huo ndio uamuzi wa pili.

Vumbi la Safari

Mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953, mwaka uleule wa kuundwa kwa Fuji Heavy Industries. Mwaka 1980 Leone ya magurudumu manne ilifika Kenya ikiendeshwa na Yoshio Takaoka, wakati ambapo timu nyingi za dunia ziliona mfumo huo ni mzigo tu. Kwa Subaru, Safari ilikuwa maabara: kilomita maelfu za mawe, vumbi la unga na tope la masika zilionyesha nini kinavunjika na kwa nini.

Uso wa Subaru nchini Kenya ulikuwa Patrick Njiru. Mwaka 1993 alishiriki Safari akiwa ndani ya Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 660 ambacho wengi wangesita kukipeleka hata Naivasha, akakifikisha mwisho na kuongoza daraja lake. Mwaka uliofuata alimaliza wa nne kwa jumla akiwa na Impreza. Watazamaji waliojipanga kando ya barabara walimwona Mkenya mwenzao akiyapita magari ya viwanda vikubwa, na kwa wengi jina la Subaru lilianzia hapo.

Kwingineko, kampuni ya Prodrive ya Uingereza ilikuwa ikiandaa Legacy na baadaye Impreza za rangi ya buluu na rimu za dhahabu. Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa madereva mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Ubingwa wa watengenezaji ulikuwa wa Subaru mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. McRae alishinda Safari mwaka 1997, naye Burns akaishinda mwaka 2000 huku mwenzake wa timu, Juha Kankkunen, akishika nafasi ya pili. Desemba 2008, uchumi wa dunia ulipoporomoka, Subaru ilijitoa katika mashindano ya dunia.

Wenye magari

Marekani ndilo soko lililoiokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilikuwa ikipata hasara baada ya kujaribu kuuza magari ya kifahari ya michezo. Ikaacha kubahatisha na kuuliza ni nani hasa wananunua. Utafiti wake ulionyesha makundi matano yaliyobeba nusu ya mauzo: walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta, wapenzi wa maisha ya porini, na wanawake wenye wapenzi wa jinsia yao. Subaru ilitangaza bidhaa kwa makundi yote matano, likiwamo lile la mwisho ambalo kampuni nyingi zilikuwa zikilikwepa, na mchezaji tenisi Martina Navratilova akatokea katika matangazo yake. Wakati huohuo iliamua kuuza Marekani magari ya magurudumu manne peke yake, ikaleta Outback, kisha Forester. Mwaka 2019 iliuza huko magari zaidi ya 700,000.

Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Japani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, na usukani uko kulia, kwa hiyo gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa hushushwa Mombasa au Dar es Salaam likiwa tayari kuingia barabarani. Legacy, Impreza na Forester zikawafikia vijana waliokuwa watoto wakati wa Njiru na McRae. Kasi ya magari hayo iliwavutia pia askari kanzu wa Kenya, na katika malalamiko ya watu kutekwa nchini humo Subaru isiyo na alama imetajwa mara nyingi. Jina hubeba vyote viwili, mapenzi na hofu.

Mapenzi haya yana ankara yake, na fundi ndiye anayeijua. Katika injini iliyosimama, plagi zinakutazama ukifungua boneti. Katika Subaru zimefichwa pembeni, zikitazama kuta za chasisi. Fundi hutoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili, kisha huingiza mkono na spana yenye kiunganishi kifupi, akifanya kazi kwa kupapasa. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikichoka, oili hudondokea bomba la moshi lililo chini yake na harufu huingia ndani ya gari kwenye foleni. Injini za lita 2.5 za miaka ya 1990 zilijulikana kwa kuunguza gasketi kuu na kuchemsha. Mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni huweza kugonga valvu. Tairi moja ikipasuka, ni vyema kuwa na nyingine yenye kimo sawa na zile tatu, la sivyo difu ya katikati huteseka.

Hata ule muungurumo wa kukoroma ambao vijana huupenda ni zao la mpangilio uleule: katika modeli za zamani, mabomba ya moshi ya upande mmoja yalikuwa marefu kuliko ya upande wa pili, na mapigo yakatoka kwa kupishana. Mwenye Subaru anayajua haya yote, na bado hununua nyingine, kwa sababu kinachomchosha gereji ndicho kinachomshikilia barabarani mvua inaponyesha.

Jina jipya, hesabu mpya

Tarehe 1 Aprili 2017, mwaka karakana ya Nakajima ilipotimiza miaka 100, Fuji Heavy Industries ilibadili jina rasmi kuwa Subaru Corporation. Ndege haijasahaulika: kitengo cha anga bado hutengeneza sehemu ya kati ya bawa la Boeing 787. Lakini mwaka huohuo ulileta fedheha. Ilibainika kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari viwandani Japani ulikuwa ukifanywa pia na watu wasio na cheti, na magari takriban 400,000 yakaitwa yarudi kukaguliwa. Kwa kampuni inayouza uaminifu, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko kushindwa mbio.

Leo Toyota inamiliki karibu asilimia 20 ya hisa, na gari la umeme la Solterra, lililotoka mwaka 2022, limeundwa kwa ushirikiano na jirani huyo mkubwa. Hapo ndipo mtihani ulipo. Mota ya umeme haina pistoni za kulazwa wala mabomba ya kukoroma, na betri iliyotandazwa chini ya sakafu hulishusha gari lolote karibu na barabara, hata la mshindani. Uamuzi wa 1966 unafutwa. Ule wa 1972 unabaki, kwa kuwa theluji ya Tohoku na tope la masika havijali gari linatumia nini, na jipu la umeme la kila kampuni sasa linadai kuyaweza yote mawili. Subaru italazimika kulithibitisha hilo upya, mlima kwa mlima, kama ilivyofanya kwa mafundi wa umeme wa Miyagi.