Pete ya sponji: ilileta besi sebuleni, kisha ikaanza kuoza

Ukivua wavu wa mbele wa spika ya Advent iliyotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukagusa ukingo unaoizunguka koni ya besi, utajua papo hapo kama imewahi kupita mikononi mwa fundi. Ikiwa bado, ukingo hautabonyea. Utamomonyoka na kukuachia kidoleni unga mweusi unaonata. Koni ya karatasi ni nzima, sumaku ina nguvu zake, koili haijaungua. Kilichooza ni pete ya sponji yenye upana usiozidi kidole, ambayo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya sanduku lile.

Pete hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuishika koni katikati ya fremu huku ikiiachia iende mbele na kurudi nyuma bila kukwama. Ya pili husahaulika, nayo ni kuzuia hewa ya mbele isikutane na ya nyuma. Koni inapoisukuma hewa kwa mbele, huivuta kwa nyuma; mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, na besi ndiyo hutangulia kupotea. Ndiyo sababu spika iliyopasuka ukingo hukwaruza sana na mdundo haina.

Muundo wa spika tunaoutumia hadi leo, wa koili inayocheza ndani ya sumaku na kuitikisa koni ya karatasi, ulielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric. Spika nyingi za miaka iliyofuata zilivishwa ukingo wa ngozi laini. Baadaye viwanda vikaona ngozi ni gharama, vikawa vinaikunjakunja karatasi ya koni yenyewe pembezoni na kuigundisha kwenye fremu. Ukingo wa namna hiyo ni mgumu, lakini kwa redio ya taarifa ya habari ulitosha na kubaki.

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 santuri za muda mrefu ziliingia sokoni, na wapenzi wa muziki wakaanza kutaka nyumbani besi waliyoisikia ukumbini. Jibu la wakati huo lilikuwa ukubwa. Klipschorn, spika aliyoibuni Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, ilikuwa na kimo cha zaidi ya mita moja na ilisimamishwa kwenye kona ya chumba ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya spika. Aliyetaka mbili alihitaji sebule yenye kona mbili zilizo wazi, na mke au mume mwenye subira.

Edgar Villchur hakukubali kwamba lazima iwe hivyo. Alikuwa akifundisha somo la utoaji wa sauti katika New York University, na alichokiona ni kwamba adui wa besi safi ni ule ugumu wa ukingo na wa kitambaa cha ndani kinachoishika koili. Koni ikisogea kidogo, ukingo huirudisha kwa ulaini. Ikisogea sana, ukingo hukaza ghafla na sauti huharibika. Wazo lake likawa kuuondoa karibu ugumu wote, kisha kuliziba sanduku lisivuje, ili hewa iliyonaswa ndani ndiyo iirudishe koni mahali pake. Hewa ndani ya sanduku dogo hufanya kazi ya springi kwa usawa kuliko karatasi yoyote iliyokunjwa.

Tatizo ni kwamba spika yenye koni legelege kiasi hicho haikuwa ikiuzwa popote. Villchur akachukua spika ya kawaida nyumbani kwake Woodstock, akaukata ukingo wake, na kwa msaada wa mkewe Rosemary akaivisha ukingo mwingine wa kitambaa kizito cha kushonea magodoro. Ikapiga besi ambayo sanduku la ukubwa ule halikutarajiwa kuitoa. Kwa maneno mengine, mapinduzi ya spika za nyumbani yalianza kwa kubadilisha ukingo, kazi ileile wanayoifanya mafundi wa leo.

Alilipeleka wazo kwa Altec Lansing na kwa Bozak, majina makubwa ya enzi hizo. Wote walimkatalia. Aliyemwelewa ni mwanafunzi wake, Henry Kloss, kijana aliyekuwa tayari ana karakana ya kutengeneza masanduku ya spika mjini Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1954 wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research (AR), na spika yao ya kwanza, AR-1, ikaonyeshwa New York mwaka huohuo. Urefu wake ulikuwa sentimita 64 hivi. Iliweza kulala kwenye rafu ya vitabu.

Iliyofuata kwa umaarufu, AR-3 ya mwaka 1958, leo ina nafasi yake katika jumba la makumbusho la Smithsonian jijini Washington. Kufikia mwaka 1966 kampuni hiyo ilikadiriwa kushika karibu theluthi moja ya soko la spika za nyumbani nchini Marekani. Lakini hataza ya Villchur haikudumu: kampuni ya Electro-Voice iligoma kulipa, na mahakama ikaibatilisha kwa hoja kwamba wazo la aina hiyo lilikwishaandikwa kabla yake na mtu mwingine, Harry Olson. Villchur hakukata rufaa. Mlango ukawa wazi kwa kila kiwanda chenye gundi na mbao.

Na kila kiwanda sasa kilihitaji ukingo laini. Kitambaa cha AR kilifanya kazi vizuri, ila kilidai kupakwa dawa nzito ya kunata ili kisipitishe hewa, kazi ya mkono yenye kuchafua. Hapo ndipo sponji ilipoingia. Poliyurethani ilizaliwa mwaka 1937 mjini Leverkusen, Ujerumani, katika maabara ya Otto Bayer, na katika miaka ya 1950 sponji yake ilikuwa imeanza kuenea kwenye magodoro na viti. Kwa mtengeneza spika ilikuwa bahati ya mtende: nyepesi, ya bei nafuu, inapashwa moto na kukandamizwa kwenye kalibu hadi ikachukua umbo la nusu mrija, tena humeza mitetemo isiyotakiwa kwenye ncha ya koni.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 AR yenyewe ilihamia kwenye sponji. Ndiyo maana spika mbili za AR-3a, modeli iliyoanza mwaka 1967, zaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani: ya mapema ina kitambaa, ya baadaye sponji. Ya kitambaa huenda bado inapiga. Ya sponji, kama haijakarabatiwa, haipigi.

Kloss, ambaye alikuwa ameondoka AR mapema na kuanzisha kampuni ya KLH, alifungua nyingine, Advent, mwaka 1967. Spika yake kubwa ya Advent ilinunuliwa na wanafunzi na vijana wa kipato cha kawaida waliotaka besi ya AR bila kulipa bei ya AR. Zikauzwa kwa wingi, na kwa wingi huohuo zikaanza kuoza.

Kisa cha kuoza kiko kwenye kemia. Sponji iliyotumika zaidi ilikuwa ya jamii ya esta, na mnyororo wa esta hukatwa na maji. Si lazima maji ya kumwagiwa; unyevu wa hewani unatosha. Kila kiungo kinapokatika hutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kukatika kwa viungo vinavyofuata. Kwa hiyo ukingo hukaa miaka 10, 15, pengine 20 ukionekana mzima, kisha humalizika kwa muda mfupi. Ni ugonjwa uleule wa viatu vya soli nyepesi vilivyotunzwa kabatini kwa ajili ya harusi: siku ya kuvaliwa soli inamwagika njiani. Matumizi hayana kosa. Hata spika iliyobaki ndani ya katoni yake tangu dukani huoza vivyo hivyo, jambo ambalo wanunuzi wengi wa “spika mpya ya zamani” hulijua wakishatoa fedha.

Hasara haikugawanywa sawa. Bose 901, spika ya Amar Bose ya mwaka 1968, ilikuwa na spika ndogo tisa ndani ya kila sanduku. Matoleo mawili ya kwanza yalivishwa kitambaa. Kuanzia la tatu ikawa sponji. Mwenye jozi yake ana kingo 18 za kubadilisha, na fundi anayelipisha kwa idadi humpokea kwa tabasamu. JBL L100 ya mwaka 1970 ilipata kinyume: koni yake ya besi ilishikwa na kitambaa, ikasalimika, ila pambo lake la mbele, sponji nene ya rangi ya chungwa, buluu au kahawia, likawa vumbi. Huko Uingereza, BBC ilipobuni LS3/5A kwa ajili ya magari yake ya matangazo, ilichagua spika ya KEF yenye ukingo wa mpira wa neoprini. Mpira ni mzito, na spika hiyo kweli hula umeme mwingi kwa sauti ndogo, lakini nyingi za miaka ya 1970 bado zinaimba na ukingo wake wa kwanza.

Soko la ukarabati lilikua Marekani kadiri spika hizo zilivyokuwa zikifa, maduka yakaanza kuuza pete mpya kwa posta pamoja na chupa ya gundi. Kazi yenyewe haihitaji kiwanda, inahitaji utulivu. Fundi hukwangua mabaki kwa kisu butu na kuyafuta kwa spiriti mpaka ncha ya koni ibaki safi. Huigundisha pete kwenye koni kwanza, akaisubiri ikauke. Hatua ya kuibana kwenye fremu ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji, kwa kuwa koili hupita katika mwanya mwembamba mno wa sumaku. Ikielemea upande hata kidogo, itakwaruza kila mdundo hadi iungue. Wengine hukata kifuniko cha katikati na kupenyeza vipande vya filamu kuizunguka koili. Wengine huipigia spika sauti nzito ya hertzi 30 hivi gundi ikiwa bado mbichi, wakaisogeza pete kwa ncha za vidole mpaka mkwaruzo unyamaze.

Ubishi mkubwa wa mafundi ni kama sponji irudishiwe sponji au iwekwe mpira usiooza. Kwa spika za ukoo wa Villchur, jibu ni sponji. Zilipimwa zikiwa na ukingo mwepesi, legelege. Mpira huongeza uzito na ugumu, na besi iliyolipiwa hupungua. Kosa baya zaidi ni kuking'oa kitambaa cha AR ya mapema kwa kudhani nacho kimeoza. Hicho hupakwa upya dawa ya kuziba, basi.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, joto na unyevu wa mwaka mzima ni maadui wa esta, na spika za mtumba kutoka Ulaya na Marekani huweza kufika zikiwa tayari zimeoza kingo. Basi kabla hujakubali kwamba spika imeungua, vua wavu, tazama ukingo, kisha isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikirudi bila mkwaruzo, huenda koili ni nzima na kinachotakiwa ni pete tu. Ukishaibadilisha, andika mwaka nyuma ya sumaku, maana pete mpya nayo ni sponji.